Saba Nukta Mbili

Jumapili, 6 Aprili
Leo tumelifunua bwawa! Tulikuwa watu kumi na mmoja, kila mmoja kashika upindo wa turubai, na upepo wetu huu wa Osterhamm, wa kaskazini mwa Ujerumani, ukitaka kutubeba sote hadi Uholanzi. Chini yake maji meusi kama chai iliyosahaulika kwenye birika, yananuka majani yaliyooza, na vyura wawili wanatukodolea macho kana kwamba sisi ndio tuliovamia. Nilipiga kelele za furaha mpaka Enno, mume wangu, akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Nimeumwa, ndiyo. Nina miaka hamsini na mbili, nilijifunza kuogelea humu nikiwa na sita, na safari hii maji haya nitayatengeneza mimi.

Niandike yalivyoanza, nisije nikasahau. Agosti iliyopita maji yaliingia ukungu, watoto wakawa wanatoka na macho mekundu, na idara ya afya ikatufungia kwa wiki tatu, zile zilizokuwa na joto kuliko zote. Baraza likaamua: mkaguzi akiyakataa maji mwezi Mei, bwawa lifukiwe liwe maegesho ya magari. Maegesho! Kijiji chetu kina magari mia mbili na nafasi ya kuegesha elfu.

Basi Hilke, mwenyekiti wa chama chetu cha bwawa, naye ni muuguzi asiyependa maneno mengi, akasema mwaka huu maji yatapimwa na watu wawili. Wa kwanza ni Folkert, mlinzi wa bwawa kwa miaka arobaini na saba. Wa pili nani? Nikanyoosha mkono. Enno akauvuta chini. Ukapanda tena.

"Gesche," Folkert akasema mbele ya watu wote, "wewe si unauza rangi dukani?"

"Nazichanganya, Mzee Folkert. Huu mwaka wa kumi na tisa."

"Sawa. Ila bwawa halipimwi kwa brashi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila iliniuma kidogo.

Jumamosi, 12 Aprili
Tumetoa maji yote, tumesugua kuta. Mgongo. Mgongo. Mgongo.

Jumanne, 15 Aprili
Sakafu imepakwa rangi mara ya pili. Buluu niliyoichanganya mwenyewe. Nzuri mno!

Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili
Pampu ya kisima inatia maji tangu jana. Baada ya kanisa nusu ya kijiji walikuja kuyatazama yakipanda, wakiwa na suti zao. Yamefika magotini.

Alhamisi, 24 Aprili
Limejaa. Lita laki tano, kimya, safi, baridi ya kukata vidole.

Folkert amenifundisha kupima. Nilidhani atanifundisha kwa kununa, lakini ukimweka karibu na maji anakuwa mtu mwingine. Unazamisha kichupa mpaka kiwiko kilowe, kwa sababu maji ya juu husema uongo. Unatia kidonge, unatikisa, unakisimamisha kando ya kadi ya rangi. Manjano maana yake maji ni makali, yanakula chuma na rangi ya sakafu. Waridi kali maana yake yanateleza kama sabuni, na humo klorini inalala usingizi badala ya kuua vijidudu. Katikati kuna rangi ya chungwa. Kila rangi ina namba yake: kadiri inavyoelekea waridi, ndivyo namba inavyopanda.

"Hapo pana namba moja tu ya kuikariri," akasema. "Saba nukta mbili. Ukiipata hiyo, lala. Ukiikosa, usilale."

Tumegawana zamu. Yeye anapima saa moja asubuhi, mimi saa kumi na moja jioni nikitoka dukani. Kila mtu anaandika kwenye kitabu kilichoning'inizwa chumba cha pampu.

Ijumaa, 25 Aprili
Folkert: 7.2. Mimi: 7.8. Bila shaka nimekosea.

Jumamosi, 26 Aprili
Folkert 7.2. Mimi 7.8. Nimerudia mara tatu.

Jumapili, 27 Aprili
Yeye 7.2. Mimi 7.8, tena nilizamisha mkono mpaka kwapa.

Jumatatu, 28 Aprili
Mvua. 7.2. 7.8.

Jumatano, 30 Aprili
Nimenunua vidonge vipya, nikidhani vya zamani vimeharibika. 7.8. Folkert alisoma nilichoandika, akacheka kwa mdomo uliofungwa, akasema, "Duka la rangi hilo." Nilirudi nyumbani nikamwambia Enno kwamba mzee yule ana kiburi kirefu kuliko mnara wa kanisa.

"Na wewe?" Enno akauliza.

"Mimi nina macho."

Niliyasema hayo kwa hasira tu. Sikujua nasema nini.

Jumapili, 4 Mei
Nimejua.

Leo tulipima pamoja, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mafunzo. Kichupa kimoja, maji yaleyale, kadi moja. Niliona waridi, waridi isiyo na ubishi, ile ambayo wateja huiomba kwa chumba cha binti mdogo. Folkert akakigeuzia dirishani, akakisogeza karibu na pua, akakirudisha.

"Chungwa," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo: "Au wewe unaonaje?"

Miaka arobaini na saba hajawahi kumuuliza mtu anaonaje.

Nilimtazama. Akamimina chai, akaweka kidole ndani ya kikombe apate kujua imefika wapi. Nje, Hilke alipita na baiskeli akapunga mkono, Folkert akampungia na kuita kwa salamu yetu, "Moin, Enno!" Hilke! Mwanamke mwenye koti jekundu!

Ana mtoto wa jicho. Mama yangu alikuwa na ugonjwa huo. Alisema dunia yote iligeuka kama inaonekana kupitia karatasi ya siagi iliyozeeka na kuwa ya manjano. Kwenye karatasi ya namna hiyo waridi huwa chungwa. Basi Agosti iliyopita aliandika 7.2 kila siku, na kila siku hayakuwa 7.2, na klorini ilikuwa imelala, na watoto wakatoka na macho mekundu.

Nilitaka kusema. Lakini huyu ndiye aliyenishika kidevu nikiwa na miaka sita, akaniambia maji hayamwachi anayeyaamini. Hana mke wala mtoto, ana bwawa. Nikisema, atakuwa na nini?

"Chungwa," nikasema.

Mungu anisamehe.

Jumatatu, 5 Mei
Nimeandika 7.2.

Jumanne, 6 Mei
7.2 yake, 7.2 yangu. Hilke amepita akaona kitabu, akafurahi, "Hatimaye mmepatana!" Maji yameanza kupata ukungu kidogo, kama mtu aliyadondoshea maziwa.

Alhamisi, 8 Mei
Nimeamua. Nitayatengeneza mwenyewe bila yeye kujua. Maji yapone, heshima yake ibaki, bwawa libaki. Kwa nini sikuwaza hivi mapema!

Jioni, peke yangu, nilivaa miwani na glavu, nikalizunguka bwawa nikimwaga dumu zima la asidi, inayoshusha namba, kidogo kidogo, asidi ndani ya maji na si maji ndani ya asidi. Kila mara niligeuka kutazama lango kama mwizi. Nilijiona shujaa, niseme ukweli. Kitabuni nikaandika 7.2, na safari hii nilijua kufikia kesho itakuwa kweli.

Kesho tunakwenda Bremen kwa mama mkwe, anatimiza miaka themanini. Tunarudi Jumapili usiku. Mkaguzi anakuja Ijumaa inayofuata. Maji yatakuwa tayari!

Jumatatu, 12 Mei
Sijui nianzie wapi.

Nilipotoka dukani nilikwenda moja kwa moja, nikiendesha baiskeli kwa mbio, nina hamu ya kuyaona. Na nilipofika langoni nikasimama. Bwawa lilikuwa la zumaridi. Sisemi ukungu, wala mwani. Lilikuwa angavu mpaka chini, zuri la kutisha, kijani cha pete ya tajiri. Buluu yangu ya sakafu ilikuwa imeanza kuchunika kama ngozi iliyoungua na jua.

Nilichota kichupa, nikatia kidonge. Manjano. Manjano ya ndimu, nje kabisa ya kadi. Hakuna namba ya rangi ile. Maji yalikuwa yamegeuka siki, na siki ile ilikuwa imeramba mabomba ya shaba ya kupashia joto na kutuletea shaba hiyo bwawani.

Dumu moja haliwezi kufanya hivyo! Nilikimbia stoo. Niliacha madumu matatu. Likabaki moja, na Folkert ameketi juu yake, mikono magotini.

"Mzee Folkert, kumetokea nini?"

"Nimeyaua," akasema. "Nimeyaua maji, Gesche."

Nikamwambia anisimulie. Alhamisi mchana, alisema, alimpelekea mfamasia kichupa cha maji, kisirisiri, kwa sababu tangu tulipopima pamoja hakulala. Alinisikia nikisema chungwa, ila alisikia pia jinsi nilivyosita. Mfamasia akapima kwa mashine yake: saba nukta nane. Basi Ijumaa asubuhi akamwaga dumu moja. Jumamosi akatazama kichupa, akaona kile anachokiona siku zote, akadhani halikutosha, akamwaga la pili. Kitabuni akaandika 7.2, asije mtu akamuuliza.

"Madumu mawili," akasema. "Nimepiga hesabu mara ishirini. Mawili hayafikishi maji kwenye hali hii. Basi hata hesabu imenitoka, si macho tu."

Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza. Naandika hapa nisije nikajidanganya baadaye: kwa muda wa pumzi moja au mbili, niliifikiria nafasi hiyo.

"Hesabu yako ni sahihi," nikasema. "Yalikuwa matatu. La kwanza nililimwaga mimi, Alhamisi jioni."

Alinyanyua uso.

"Nilijua kuhusu macho yako tangu Jumapili ile. Nikasema chungwa makusudi."

"Ulijua."

"Ndiyo."

"Ukanionea huruma."

"Ndiyo."

"Ukamwaga asidi kwenye bwawa langu na hukuniambia!" Akasimama, dumu likaanguka. "Huruma! Huruma gani hiyo, Gesche? Ningekuwa mlevi ungeninyang'anya funguo mbele ya macho yangu, au ungeliendesha gari langu kisirisiri nikiwa nimelala nyuma? Mimi ni mlinzi wa bwawa! Wewe ungeniambia, ningekasirika, ningekutukana, kisha tungepima!"

"Na wewe mbona hukuniambia?" Na mimi nikapaza sauti. "Agosti nzima, mzee! Watoto walilia macho!"

Hapo akalisimamisha dumu, akakaa tena.

"Nilijua Septemba," akasema. "Wakati wa kufunga bwawa. Nilishindwa kusoma namba ya mlango wangu mwenyewe. Nikajiambia majira ya baridi yatapita, na macho yatapona yenyewe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tulikuwa tumeficha wawili, na aliyeumbuka ni bwawa.

Nilimpigia Hilke. Akaja na sare yake ya kazini, akatusikiliza wote wawili, akatazama zumaridi ile, na sikumwona akipepesa macho. "Kwanza maji," akasema. "Kuwagombeza nitawagombeza baadaye, tena nitawagombeza vizuri. Folkert, yanaweza kupona kabla ya Ijumaa?"

Na mzee akainuka. Sijui nilielezeje. Mtu aliyekuwa amekunjamana juu ya dumu akainuka akawa na urefu wake wote.

"Yanaweza," akasema, "kama yeye atakuwa macho yangu na asinidanganye tena hata tone."

Jumanne, 13 Mei
Nimeomba likizo dukani. Tangu jana usiku tunatoa maji na kutia mapya ya kisima. Folkert anasema maji ya kisima chetu ni magumu, yana mgongo, hayasukumwi ovyo na asidi. Asubuhi tumeanza magadi, yapunguze ukali. Tunayakoroga kwenye ndoo, tunazunguka bwawa tukimwaga, tunasubiri muda wa saa mbili, tunapima.

Saa nne: manjano. Saa sita: manjano. Saa nane: manjano. Kila mara anasimama kando yangu, ameelekeza sikio.

"Sema."

"Manjano."

"Manjano gani?"

"Ya haradali."

"Asubuhi ilikuwa?"

"Ya ndimu."

"Basi yanatembea," anasema. "Ndoo nyingine."

Jumatano, 14 Mei
Maji yamegeuka maziwa! Nilipiga yowe, lakini Folkert alicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Alisema hiyo ni shaba inaachana na maji, sasa kichujio kitaikamata. Akaweka kiganja juu ya bomba la pampu, akafumba macho, akasikiliza. "Mchanga wa kichujio umeshiba. Geuza mkondo, uusafishe." Mimi sikusikia lolote zaidi ya mngurumo. Tukageuza mkondo, na bomba la taka likatapika tope la kijani dakika tano nzima. Alijua kwa kiganja!

Mara sita leo tumesafisha kichujio. Jioni: chungwa hafifu. 6.9. Nilimkumbatia, akanisukuma, "Angalia kichupa, wewe!"

Watu wanakuja kutusaidia na ndoo. Hilke amewaeleza kilichotokea, chote, majina na madumu. Nilitarajia matusi. Jirani mmoja alisema, "Kumbe ndiyo maana Folkert hanisalimii tangu mwaka jana, nilidhani ni siasa."

Alhamisi, 15 Mei
7.1 asubuhi. 7.2 mchana. 7.2 jioni. Nimeyaona mimi, ameyaona Hilke, ameyaona mfamasia na mashine yake. Naona mfuniko wa tundu la kutolea maji, chini kabisa, na kila skrubu yake!

Tulikaa na kitabu. Kurasa zetu za uongo tukazikata kwa mstari mmoja, bila kuzifuta, na pembeni tukaandika kilichotokea. Folkert akasema, mimi nikaandika, kisha tukatia sahihi wote. Sahihi yake ilitoka nje ya mstari.

Ijumaa, 16 Mei
Mkaguzi ni Bi. Onken, mfupi, mabuti ya mpira, hasemi "Moin" mara mbili kama watu wa huku. Alipima kwa mashine yake. Akaandika. Akapima upande wa pili. Akaandika. Akalala kifudifudi ukingoni kutazama sakafu.

Kisha akaomba kitabu.

Alisoma kurasa zote. Alipofika kwenye mistari iliyokatwa akasoma polepole, akarudi nyuma, akasoma tena. Upepo ulikuwa ukigonga kamba ya bendera kwenye mlingoti, nami nilitamani nikaishike inyamaze.

"Nani kati yenu aliandika haya?"

"Mkono ni wake, makosa ni yetu wote," Folkert akasema. "Ila Agosti ni yangu peke yangu. Hilo nalo liandike."

"Macho yako yana nini?"

"Watoto wa jicho, wawili. Pacha."

Hakucheka. Akafunga kitabu. "Maji ni saba nukta tatu, klorini iko sawa, chini panaonekana. Nimechukua sampuli, majibu Jumanne." Akamgeukia Folkert. "Ila mtu asiyeona rangi hasomi kadi ya rangi. Kuanzia leo atasoma mama huyu, tena kwa mashine, si kwa kadi. Hilo ni sharti."

Folkert akauliza: "Na mimi?"

"Wewe si unajua kilichomo ndani ya maji kwa kuyasikiliza? Nimeambiwa." Akavuta mabuti yake. "Mfundishe."

Jumapili, 18 Mei
Kusubiri. Nimepaka rangi vyumba vyote vya kubadilishia nguo. Hakuna aliyeniomba.

Jumanne, 20 Mei
HILKE KAPIGA SIMU DUKANI. SAFI! HAKUNA KIJIDUDU! Nilipiga kelele mpaka mteja akaacha ndoo ya rangi ikaanguka, lita kumi nyeupe sakafuni, na mwenye duka akasema tu, "Tunafungua Jumamosi?" Tunafungua Jumamosi!

Na jingine: kliniki ya macho anakofanya kazi shemeji yake Hilke imepata nafasi, mgonjwa mmoja kaahirisha. Jicho la kulia, kesho. Folkert anasema hana muda. Hilke anasema hakumuuliza.

Jumatano, 21 Mei
Enno amempeleka, amemrudisha. Ana kiraka cha plastiki, amekasirika kwa sababu daktari amemkataza kuingia majini kwa wiki nne.

Alhamisi, 22 Mei
Kiraka kimeondolewa. Alipita dukani kwangu, akasimama mlangoni, akanitazama kwa muda mrefu.

"Gesche. Una mvi!"

"Nina hamsini na mbili, mzee."

"Tangu lini?" akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa. Kisha akatazama rafu zote zile za rangi nyuma yangu, kopo kwa kopo, na mimi nikajifanya natafuta kalamu chini ya meza.

Jumamosi, 24 Mei
Nywele bado zinadondosha maji juu ya karatasi, lakini lazima niandike sasa hivi.

Asubuhi nilipima, mashine ikasema 7.2, nikaandika. Saa nne mlango ukafunguliwa, na walikuwa wameshapanga mstari mpaka barabarani: bibi zetu na kofia za maua, akina baba wenye miguu myeupe kama jibini, watoto wakirukaruka. Maji nyuzi kumi na saba. Hilke akahutubia kwa sentensi mbili. Mjumbe mmoja wa baraza, wale waliotaka maegesho, alikuja na taulo begani, na watu wakampigia makofi ya kumcheka.

Folkert alikaa kwenye kiti chake kirefu, miwani ya jua, shati jeupe lililopigwa pasi. Hakuruhusiwa kuingia majini, basi alinitafutia mimi makosa. Mbona kamba ya watoto imelegea. Mbona ndoo ipo hapo. Nilikuwa nimesimama chini ya kiti chake nikijibu, "Ndiyo, mzee, naiondoa, mzee," wakati upande wa mbali kabisa, karibu na ubao wa kurukia, kitoto chenye nguo ya manjano kilianza kukimbia juu ya mawe yaliyolowa.

"Levke!" Folkert akanguruma. "Hatukimbii!"

Mtoto akaganda pale pale. Bwawa lote likageuka. Hatua arobaini, na alikuwa amemjua ni nani.

Mwenyewe hakugundua. Alikuwa tayari ananiambia habari ya ndoo. Nikainua uso nimwambie, nikaona amenyamaza katikati ya neno, mkono umebaki hewani, midomo yake inasema lile jina tena, taratibu, bila sauti.

Akavua miwani akaipangusa kwa shati, ingawa haikuwa na chochote.

"Umesimama nini?" akaniambia. "Ruka. Maji ni mazuri."

Nikaruka na nguo zangu zote.